COLD CASE: TUIKUMBUKE TAMTHILIA YA KESI ZILIZOLALA

 Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna washkaji wangu wa Makorora kila tukikaa kijiweni lazima ubishi uzuke kuhusu ile tamthilia ya Cold Case. Huyu anasema ilianza 2005, yule anasema iliisha kwa Lilly kuuawa, mwingine anaichanganya na CSI. Nikaona isiwe tabu, nikae kafe saa mbili tatu nikusanye kila kitu sehemu moja, ili siku nyingine mtu akibisha mmuoneshe ukurasa huu.

Ila nawaambia mapema, huko mbele nitaingiza na jambo la nyumbani kwetu. Kwangu mimi hii tamthilia haikuwa burudani tu.

KWA UFUPI

- Jina: Cold Case. Kwa Kiswahili chetu ni kesi iliyolala, yaani ile ambayo upelelezi ulikwama, jalada likawekwa kabatini.
- Televisheni: CBS ya Marekani.
- Ilianza: 28 Septemba 2003.
- Iliisha: 2 Mei 2010.
- Misimu: 7. Sehemu zote: 156.
- Mtunzi: Meredith Stiehm. Mmoja wa watayarishaji wakuu: Jerry Bruckheimer, yule yule wa CSI.
- Mahali: Philadelphia, jiji la bandari kwenye mto Delaware.
- Mhusika mkuu: mpelelezi Lilly Rush, aliigizwa na Kathryn Morris.

TULIIONAJE HUKU KWETU

Tusisahau kwamba Tanzania Bara tulichelewa kupata televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970 mwanzoni, sisi huku tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mitaa mingi ya Ngamiani watu walizoea kwenda kwenye banda la video. Unalipa shilingi mia, unakaa kwenye benchi, unaangalia Rambo au muvi ya Kihindi, na kama una bahati ni mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, hapo mnacheka mpaka machozi.

Baadae zikaja zile DVD za sizoni nzima kwenye sahani moja au mbili. Prison Break na 24 ndio zilizotamba kinoma. Cold Case haikuwa na fujo kama hizo. Hakuna jela ya kutoroka, hakuna bomu la kutegua. Kaka yangu alikuwa na maktaba ndogo ya kukodisha sidii, na aliniambia ile DVD ya Cold Case ilikuwa inakaa wiki nzima bila kuazimwa, ila ikiazimwa hairudi kwa wakati. Na wengi waliokuwa wanaiazima walikuwa akina mama. Akirudisha mtu anauliza, "Hakuna nyingine ya hawa hawa?"

Mimi niliangalia nikiwa darasa la tano na kuendelea. Kiingereza sikijui, kaka ndio alikuwa mkalimani. Pale anapochoka kutafsiri tulikuwa tunaangalia sura tu, na cha ajabu tulielewa. Nitaeleza kwa nini.

STORI INAVYOKWENDA

Karibu kila sehemu ina mpangilio mmoja. Inaanza zamani, mwaka unaandikwa kwenye kioo, muziki wa enzi hizo unapigwa. Tunamuona mtu akiwa hai, anacheka, anagombana, ana mipango yake. Dakika chache baadae ni maiti. Halafu tunaona boksi la ushahidi lenye jina lake linawekwa kwenye rafu ghalani.

Baada ya hapo tunarudi miaka ya sasa. Kuna kitu kipya kimetokea: shahidi amejitokeza, barua imepatikana, nyumba imebomolewa wakakuta kitu ukutani. Lilly na wenzake wanashusha lile boksi na kuanza kuwazungukia wale waliokuwepo wakati ule. Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Kila mtu ana waigizaji wawili, mmoja wa ujana na mmoja wa uzee. Mzee anaanza kusimulia, kamera inamtazama, ghafla pale pale kwenye kiti anakaa kijana aliyekuwa yeye miaka thelathini nyuma. Sekunde moja tu, halafu uzee unarudi.

Ndio maana tuliielewa bila lugha. Ule mchezo wa sura hauhitaji mkalimani.

Mwishoni muuaji anakiri, anatembezwa na pingu, wimbo unapigwa, boksi linaandikwa kwamba limefungwa na linarudishwa kwenye rafu. Halafu marehemu anatokea kwa mbali, kijana vile vile kama siku aliyokufa, anamwangalia Lilly au mtu aliyempenda, kisha anapotea.

WAPELELEZI WENYEWE

LILLY RUSH. Mwanzoni ndiye mwanamke pekee kwenye kikosi cha mauaji. Amekulia maisha magumu, mama mlevi. Alipokuwa mtoto mama yake alimtuma usiku kununua pombe, akapigwa vibaya njiani. Ndio maana kesi ya mtu mnyonge haiachii. Nyumbani anaishi na paka wawili, mmoja ana jicho moja na mwingine ana miguu mitatu. Hata paka anachukua waliotupwa na wenzao.

SCOTTY VALENS (Danny Pino). Aliingia msimu wa kwanza kuchukua nafasi ya mpelelezi Lassing aliyeigizwa na Justin Chambers. Ana hasira za karibu.

JOHN STILLMAN (John Finn). Bosi. Mpole, sauti ya chini, wote wanamheshimu.

NICK VERA (Jeremy Ratchford). Bonge, mropokaji, moyo mzuri.

WILL JEFFRIES (Thom Barry). Mzee mweusi, anaijua Philadelphia ya miaka ya ubaguzi kwa sababu aliiishi. Kesi za enzi hizo zikija, kwake sio historia ya kwenye kitabu.

KAT MILLER (Tracie Thoms). Aliingia msimu wa tatu, akitokea kikosi cha madawa ya kulevya.

SEHEMU ZINAZOTAJWA SANA KIJIWENI

1. Ile ya kwanza kabisa. Binti wa miaka ya 1976 aliuawa, na shahidi ni mama aliyekuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya matajiri. Alinyamaza miaka yote kwa woga. Sasa anaumwa, anajua siku zake zinahesabika, ndipo anakuja kusema. Kumbuka huyu mama, nitamrudia.

2. Ya mwishoni mwa msimu wa pili. Gari linatolewa mtoni, lilizama 1932. Marafiki wawili wa kike, Billie na Rose. Rose yuko hai, sasa ni bibi kizee.

3. Ya kijana mweusi aliyeuawa 1963, wakati watu weusi Marekani wanaandamana kudai haki zao.

4. Ya familia ya Wajapani wa Marekani waliofungiwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kosa la asili yao tu. Mauaji ni ya 1945.

5. Ya 1919, ya msichana aliyekuwa anapigania wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Hiyo ndiyo kesi ya zamani kuliko zote kwenye tamthilia nzima.

Ukizipanga hizi kwa miaka unapata historia ya Marekani upande wa jikoni na uchochoroni, upande wa wale ambao polisi wa enzi zao hawakuhangaika nao sana. Mtumishi, mweusi, mgeni, mwanamke. Naona ndio maana akina mama wa Makorora waliipenda.

MTOTO WA KWENYE BOKSI

Kuna sehemu ya msimu wa kwanza kuhusu mtoto wa kiume aliyekutwa amekufa ndani ya boksi la karatasi mwaka 1958. Wadau, hii ilitokana na jambo la kweli. Februari 1957, eneo la Fox Chase pale Philadelphia, mtoto wa kama miaka minne alikutwa ndani ya boksi, amepigwa, hana hata nguo. Picha yake ikabandikwa jiji zima. Hakuna aliyejitokeza kusema ni wangu. Wapelelezi wakastaafu, wengine wakafa, wakiwa bado wanaifuatilia. Kaburini kwake waliandika kwamba ni mtoto wa Marekani asiyejulikana.

Kwenye tamthilia kesi iliisha ndani ya chini ya saa moja. Kwenye ukweli ilichukua miaka 65 kupata jina tu. Desemba 2022 polisi wa Philadelphia walitangaza kwamba vinasaba vimewafikisha kwa ndugu zake, na jina lake ni Joseph Augustus Zarelli. Nani alimuua, walipotangaza jina bado walikuwa hawajamjua. Lakini hata lile jina peke yake, watu walilia.

MUZIKI NA KWA NINI HAKUNA DVD HALISI

Wimbo wa kufungulia unaitwa Nara, wa kundi la E.S. Posthumus. Ndani ya kila sehemu zinapigwa nyimbo halisi za mwaka wa mauaji, na kuna sehemu ya msimu wa tatu yenye nyimbo za Bruce Springsteen peke yake.

Utamu huo ndio uliowaponza. Haki za nyimbo ni ghali, na hiyo ndiyo sababu inayotajwa siku zote ya Cold Case kutotolewa kwa DVD rasmi Marekani kama wenzake. Kwa hiyo zile DVD tulizokuwa tunaangalia Tanga, wadau, msijidanganye. Zilikuwa za kuchoma.

ILIISHAJE?

Jibu kwa wabishi: Lilly hakufa. Sehemu ya mwisho ilirushwa 2 Mei 2010, ikimhusu sana na mdogo wake Christina. Siku chache baadae CBS wakatangaza hakuna msimu wa nane. Hakuna kuagana, hakuna harusi, hakuna msiba. Tamthilia ya kufunga majalada yenyewe haikufungwa vizuri.

Wajapani waliipenda mpaka wakatengeneza ya kwao kuanzia 2016, mhusika mkuu akiwa Yo Yoshida. Na kabla ya Cold Case kulikuwa na Cold Squad ya Kanada (1998 hadi 2005) na Waking the Dead ya Uingereza (2000 hadi 2011), zote za kesi za zamani. Kwa hiyo wazo lenyewe halikuanzia Philadelphia.

NA SISI TUNA WA KWETU

Hapa vijana wengi hawajui. Kabla ya Lilly Rush kuzaliwa, pwani yetu ilikuwa na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Aliumbwa na Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 na kikachapwa 1960. Mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, watu wanasema ni kazi ya mizimu, Bwana Msa anasema hapana, hii ni kazi ya mkono wa mtu. Halafu 1965 Faraji Katalambulla akatuletea Simu ya Kifo na Inspekta Wingo.

Hilo la mizimu liangalie vizuri. Philadelphia kesi inalala kwa sababu ushahidi haukutosha. Kwetu kuna sababu nyingine ya ziada: watu wanasema "ndiyo siku yake ilifika," au wanamtafuta mchawi, na uchunguzi unaishia hapo. Sijasema watu wasiamini kadari. Nasema kadari haimzuii mtu kuuliza nani alikuwa na marehemu usiku ule.

BOKSI LA BIBI

Sasa la nyumbani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mvuvi. Alikufa 1997, mimi sijazaliwa. Alitoka usiku na wenzake watatu, asubuhi wenzake wakarudi bila yeye. Walisema aliteleza. Siku ya tatu bahari ikamtoa. Walioosha maiti walimwambia bibi kwamba kisogoni kulikuwa na jeraha. Zama hizo uvuvi wa baruti ulikuwa umetapakaa pwani yetu, na mjomba alikuwa anagombana na watu kuhusu hilo. Nimesema tu walivyosema nyumbani. Sijui kilichotokea.

Jalada lilifunguliwa kwenye kituo kimoja, bibi akapewa karatasi ya RB. Akaenda, akaambiwa njoo wiki ijayo. Akaenda, askari aliyekuwa na kesi amehamishwa. Akaenda tena, akaacha.

Mwaka 2012 kaka alileta ile DVD nyumbani, tukawa tunaangalia ile ya Billie na Rose. Bibi alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, wala haangalii. Pale Rose mzee alipobadilika kuwa Rose msichana, bibi akaacha mchele.

Akauliza, "Huyu ndio yule?"

Nikamwambia, "Ndio bibi. Yule kijana ndio huyu mzee."

"Na lile boksi ni la nini?"

"La kesi. Wanatunza vitu vya marehemu mpaka wampate aliyemuua."

Akanyamaza mpaka ikaisha. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, la mjomba wako liko wapi?"

Kaka alijifanya anatafuta rimoti. Mimi nilikuwa mtoto, nikasema labda lipo kituoni. Bibi akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. Mle ndani kulikuwa na picha moja, kitambulisho kilicholiwa na chumvi, ndoana mbili na ile karatasi ya RB imekunjwa mara nne. "Basi na mimi ninalo," akasema.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa naye siku tatu na kaunta buku. Nikamuuliza kama Lilly anavyouliza. Walitoka saa ngapi? Mwezi ulikuwa mchanga au mpevu? Nani alikuja kuleta habari, alisimama wapi, alisema maneno gani? Bibi alikumbuka mpaka rangi ya kanga aliyokuwa amevaa. Mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza miaka yote ile. Bibi alifariki 2020. Kama nisingeandika, yote hayo yangeenda naye.

Hapo ndipo namrudia yule mama mtumishi wa 1976. Tamthilia yote inasimama kwenye jambo moja: muda unafuta damu, lakini muda huo huo unafungua midomo. Aliyekuwa anaogopa, anayemuogopa amekufa. Aliyelipwa anyamaze, pesa imeisha. Aliyekuwa mke wa mtu, wameachana. Anazeeka, anaumwa, anataka kuutua mzigo. Lakini faida hiyo ina mwisho wake, kwa sababu na mashahidi nao wanakufa. Kati ya wale watatu waliokuwa na mjomba, wawili hawapo tena duniani.

KAMA NA WEWE UNA BOKSI NYUMBANI

Mambo machache ya kujua:

- Mauaji ni kosa chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na haliozi. Hakuna miaka ikipita mtu akawa hawezi tena kushtakiwa.
- Tunza RB. Ile namba ndiyo mlango wa kurudia. Ipige picha, iandike sehemu mbili.
- Shahidi mpya ni sababu tosha ya kurudi kituoni, hata baada ya miaka ishirini.
- Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Anayeogopa kusema aambiwe ipo.
- Vinasaba kwetu vinapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na vina sheria yake ya 2009. Nguo na vitu vya marehemu usivioshe wala kuvigawa haraka kama kifo kina utata.
- Waandike wazee. Tarehe, majina, mahali. Andika alichokiona mtu mbali na alichokisikia kwa wengine. Ukivichanganya umeharibu.

Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Kwenye Cold Case kila sehemu wanawashuku watu watatu wanne kabla ya kumpata mwenyewe. Maana yake kila sehemu kuna watatu wameshukiwa bure. Kwenye tamthilia wanarudi nyumbani, wimbo unapigwa, yameisha. Mtaani kwetu mtu akishukiwa bure anaweza kuchomewa nyumba. Kwa hiyo kwenye maoni hapo chini USIANDIKE JINA la mtu unayemdhania. Nitalifuta, hata kama ni rafiki yangu ameandika.

Mwaka 2023 mimi na mama tuliichukua ile karatasi ya RB tukaenda nayo kituoni. Askari aliyetupokea alikuwa kijana, pengine kanizidi miaka mitatu. Akasema jalada la 1997 kulipata ni kazi. Ila alituwekea viti, akanakili namba, akaandika maelezo ya mama kurasa mbili na mama akatia sahihi. Akamwambia mama, "Nikilipata nitakupigia." Hajapiga. Nimepanga kurudi mwezi ujao.

Ile kaunta buku ipo kwenye kopo la biskuti, pamoja na picha na ndoana.

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe Cold Case uliiona wapi, na ni sehemu gani haikutoki kichwani? Na kuna anayekumbuka ile ya msimu wa nne ambayo kaka yangu anadai aliiazimisha mtu wa Chumbageni na haikurudi mpaka leo? Hiyo nayo ni kesi iliyolala.